Huu bowa umetoka wapi?

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi kuhusu bowa, yaani uyoga wa porini:

"Jambo, Daktari. Kila mwaka mvua ikianza ninanunua bowa. Mwingine ninapika siku ileile, mwingine ninakausha tule hadi mwezi wa sita. Juzi jirani yangu, ambaye mume wake anafanya kazi mgodini, aliniambia niache kabisa, maana bowa wa hapa kwetu unakunywa sumu ya shaba na kobalti. Binti yangu ana mimba ya miezi mitano, na bowa wa karanga ndiyo mboga anayoitamani kuliko zote. Mama mkwe wangu anasema nikiuchemsha na chumvi na kumwaga maji, sumu yote inaondoka. Nimsikilize nani?"

Jambo, Mama, na hongera kwa mjukuu anayekuja.

Jirani yako hakukudanganya, na mama mkwe wako anajua jiko lake. Ila wote wawili wanazungumza juu ya bowa kana kwamba ni kitu kimoja popote ulipoota. Uyoga unafuata ardhi yake. Ule uliotoka msituni mbali, kwenye njia ya Kasenga, na ule uliookotwa nyuma ya kiwanda cha zamani, hata ukiwa wa jina moja na sura moja, ni vyakula viwili tofauti. Ndiyo sababu kabla ya kuuliza unapikwaje, nataka uulize umetoka wapi. Ukishapata jibu la hilo, mengine yote yanakuwa mepesi.

Kile tunachokata na kutia kitungani ni tunda tu. Mwili wenyewe wa uyoga uko chini, nao ni nyuzi nyeupe nyembamba kuliko unywele, zinazotambaa katika udongo na majani yaliyooza. Siku moja baada ya mvua, fukua taratibu kwa vidole chini ya muputu au mutondo. Utaziona zimevaa ncha za mizizi ya mti kama soksi. Mti unazipa nyuzi sukari, nazo zinauletea mti maji na chumvichumvi za ardhini. Ili kuzipata chumvichumvi hizo, nyuzi hutoa asidi inayolegeza udongo na hata mawe, kisha hunyonya kinacholegea. Hiyo ndiyo kazi ambayo msitu wetu wote unaitegemea.

Shida ni kwamba pale penye metali kama kadimi, risasi au kobalti, hizo nazo zinalegea na kunyonywa. Uyoga una protini ndogo ndani yake zinazoshika metali na kuzituliza, hivyo wenyewe hauugui. Unaweza kukutana na uyoga mnene, mweupe, wenye harufu nzuri, uliojaa kadimi, na hakuna jicho wala pua itakayokuambia. Wazungu walilijua jambo hili kwa uchungu baada ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl kulipuka mwaka 1986: miaka mingi baadaye uyoga wa misitu yao ulikuwa bado unanyonya sezi, metali yenye mionzi, kutoka ardhini, na nguruwe mwitu wanaoula walikuwa nayo nyamani.

Aina nazo hazilingani. Ule wa jamii ya Agaricus, unaoota kwenye majani na mashambani, wenye vikunjo vya waridi chini ya kofia vinavyogeuka kahawia ukikomaa, unajulikana dunia nzima kwa kukusanya kadimi hata pale ambapo udongo hauna nyingi. Mwingine hunyonya kidogo tu. Na ndani ya uyoga mmoja, kofia, hasa vile vikunjo, kwa kawaida hubeba zaidi kuliko mguu.

Sasa tuje kwetu. Kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Lubumbashi kilianza mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya mji wenyewe kuanzishwa, na kilitoa moshi wake hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lile bomba refu unaliona bado, pamoja na kilima cheusi cha mabaki pembeni yake. Upepo wetu mkuu unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo kwa karibu miaka 80 vumbi la moshi ule lilikuwa likianguka upande wa kaskazini-magharibi, kuelekea Penga Penga. Humo kwenye udongo mna shaba, zinki, risasi, kadimi na aseniki. Miti ya miombo ilikufa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wametumia miaka mingi kujaribu kuotesha majani ili upepo usiendelee kuuchukua udongo ule uliobaki uchi. Moshi uliisha, lakini metali haiozi. Iliyoanguka wakati wa babu zetu iko palepale, katika sentimita chache za juu, na huko juu ndiko nyuzi za uyoga zinakopenda kuishi.

Kuna pia vilima ambavyo vina shaba tangu Mungu aliviumba. Utavitambua: msitu unakatika ghafla, panabaki majani mafupi, na pengine kimmea kidogo cha jamii ya rehani chenye maua ya zambarau, ambacho wataalamu wanakiita Haumaniastrum katangense na Wafaransa wanakiita ua la shaba. Wachunguzi wa madini wamekitumia kama alama. Wewe nawe kitumie, ila kwa kazi nyingine: usiokote chakula hapo. Ongeza kandokando ya migodi ya Kalukuluku na Ruashi, njia ya Kipushi ambako kulichimbwa zinki na shaba, Likasi karibu na Shituru, Kolwezi karibu kila upande, na kingo za mito inayopokea maji ya viwanda.

Watu huniuliza sana juu ya chikolowa, ule mkubwa unaoota kwenye vichuguu, kwa sababu haushikani na mizizi. Huo unalelewa na mchwa, unakula kuni na majani makavu wanayoyasaga. Hilo linapunguza wasiwasi, lakini haliufuti. Mchwa hupandisha udongo kutoka chini sana. Wanajiolojia hupima vichuguu ili kujua chini kuna madini gani. Kichuguu kilicho juu ya mwamba wa shaba ni sehemu ya mwamba huo. Basi hata chikolowa nao unaulizwa: umetoka wapi?

Hofu hii si ya maneno tu bila kipimo. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya mkojo wa watu wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda walikuwa na aseniki, kadimi, kobalti, shaba, risasi na urani nyingi kuliko waliokaa mbali, na kiasi cha kobalti kilikuwa cha juu kuliko chochote kilichowahi kuandikwa kwa raia wa kawaida. Uchunguzi uliofuata ulionyesha njia mbili kuu za kobalti hiyo kuingia mwilini. Ya kwanza ni chakula, na hasa mboga za majani zilizolimwa kwenye udongo mchafu. Ya pili ni vumbi, hasa kwa watoto wadogo wanaocheza chini na kutia vidole mdomoni. Kwa hiyo, Mama, uyoga ni mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi. Lengalenga, yaani mchicha, iliyomwagiliwa maji ya mfereji wa kiwanda haina heri kuliko bowa.

Nikizipanga metali hizi kwa uzito wa hofu yangu, shaba haiko juu. Mwili unaihitaji, takriban miligramu 0.9 kwa siku, na ikizidi una njia ya kuitoa. Nyingi mno kwa mara moja itakutapisha. Kobalti ikizidi sana inagusa tezi ya shingo na moyo: katikati ya miaka ya 1960, huko Québec, wanywaji wa bia iliyotiwa kobalti ili povu likae walikufa kwa ugonjwa wa moyo. Zinazonikosesha usingizi ni kadimi na risasi.

Kadimi inaingia kidogo kidogo na haitoki. Inakaa kwenye figo kwa miaka 10 hadi 30, inalegeza figo, kisha mifupa. Huko Toyama, Ujapani, wakulima waliokula mchele uliomwagiliwa maji ya mto Jinzu, uliochafuliwa na mgodi wa juu, walivunjika mifupa kwa kukohoa tu. Wengi walikuwa wanawake wa makamo waliozaa mara nyingi, na serikali yao ilikubali chanzo hicho mwaka 1968. Wanawake walioishiwa damu hunyonya kadimi zaidi ya wengine, kwa sababu utumbo unaotafuta madini ya chuma hufungua mlango, na kadimi inapita mlango uleule.

Hebu tupige hesabu kama tunavyopima unga kwa meka. Wataalamu wa pamoja wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na Shirika la Afya Duniani walipanga mwaka 2010 kwamba mtu asizidishe mikrogramu 25 za kadimi (mikrogramu 1,000 ni miligramu moja) kwa kila kilo ya uzito wake kwa mwezi. Mwanamke wa kilo 60 ana mikrogramu 1,500 kwa mwezi, kutoka vyakula vyote. Sheria ya Ulaya inaruhusu uyoga wa porini uuzwe ukiwa na hadi miligramu 0.5 za kadimi kwa kilo moja mbichi. Sahani ya gramu 200 ya uyoga wa kiwango hicho ina mikrogramu 100. Akila mara nne kwa mwezi ni 400. Hapo bado yuko salama. Lakini tuseme uyoga umetoka mahali pabaya na una miligramu 3 kwa kilo. Sahani moja ni 600, na sahani tatu zimeshavuka mwezi mzima. Mtoto wa kilo 12 haki yake ni 300 tu kwa mwezi. Gramu 80 za uyoga huo mbaya zinampa 240 kwa chakula kimoja cha jioni.

Uyoga mkavu unahitaji uangalifu wa ziada, maana watu huona ni mwepesi wakadhani na sumu imepungua. Uyoga mbichi ni maji kwa sehemu 9 kati ya 10. Ukikauka, maji yanakwenda na metali inabaki, hivyo gramu 20 za mkavu zina metali yote ya gramu 200 za mbichi. Pima kwa kukumbuka ulivyokuwa mbichi, usipime kwa macho.

Risasi ndiyo inayomhusu binti yako zaidi. Wataalamu haohao, mwaka huohuo wa 2010, waliondoa kipimo cha zamani cha risasi kwa sababu hawakuona kiasi chochote kinachoweza kuitwa salama. Inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, inagusa ubongo unaojengwa, na akili iliyopunguzwa hivyo hairudi. Tena mama mjamzito huyeyusha mifupa yake kidogo ili kumpa mtoto kalisi, na risasi iliyolala humo tangu utoto wake inaamka pamoja nayo. Mpime damu, apewe vidonge vya chuma kliniki na avimeze kweli, ale dagaa na mifupa yao, maharage na sombe (majani ya muhogo) iliyotoka mahali safi. Tumbo lililoshiba chuma na kalisi hunyonya risasi kidogo. Na kama anatafuna pemba, kama wanavyofanya wajawazito wengi hapa, mwombe kwa upole aache. Udongo huo wa kula umekutwa na risasi mara nyingi, na nchi kadhaa za Ulaya zimewaonya wajawazito wao wasiuguse. Nikipewa kuchagua jambo moja tu la kumkataza, ningeanza na pemba kabla ya bowa.

Na mama mkwe wako? Kuchemsha na kumwaga maji kunatoa sehemu ya metali, na kunatoa zaidi uyoga ukiwa umekatwa vipande vidogo na maji yakiwa mengi. Sehemu nyingine imeshikwa ndani ya nyama ya uyoga na inaingia sahanini. Chumvi haiongezi kitu. Magadi, kitunguu, sarafu ya fedha inayobadilika rangi, maziwa ya kunywa baada ya kula: hakuna hata kimoja kinachoondoa risasi au kadimi. Moto nao hauiunguzi metali. Iliyopita katika tanuri la shaba haiogopi sufuria. Hata hivyo mwambie aendelee kuchemsha. Kabansa, uyoga wenye utomvu mkali kama maziwa, na ndugu zake wanahitaji kuchemshwa ili waliwe vizuri, na hiyo sehemu inayotoka ni afadhali itoke. Ila isiwe ruhusa ya kununua uyoga wa Penga Penga. Sufuria nayo itazame: zile zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu zimekutwa Kameruni zikitoa risasi ndani ya chakula.

Kuosha kuna faida kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu sehemu ya metali haiko ndani ya uyoga, iko juu yake. Niliwahi kununua fungu kando ya barabara ya Kasumbalesa, mahali magari makubwa ya shaba yanapopita mfululizo. Mama aliyeuza alikuwa ameutandika juu ya hema la plastiki, na kila gari lilipopita alivuta kitambaa kufunika, kisha akakifunua wateja waone. Nyumbani nilitia uyoga katika beseni jeupe. Maji ya kwanza yakawa mekundu kama chai, ya pili ya njano, ya tatu yakakaa safi. Nilipoyaacha yale ya kwanza usiku kucha, asubuhi chini ya beseni palikuwa na tope laini unaloweza kuliandika kwa kidole. Tope lile lingekuwa tumboni mwangu. Vikunjo vya chini ndivyo vinavyolificha, kwa hiyo geuza kofia juu chini, tumia maji yanayotiririka au badilisha beseni mara tatu, kata mwisho wa mguu wenye udongo. Ukikausha, kausha juu ya kichanja ndani ya ua, kitambaa juu, kamwe si juu ya paa kando ya njia ya magari.

Pale sokoni, zungumza na muuzaji. Mama zetu wa soko la Kenya, hapa hapa mjini, wanajua mali yao imetoka wapi. Wengine wameshuka nayo kwa gari usiku. Muulize umeuchuma kijiji gani, msitu una miti mikubwa au ni vichaka, kuna mgodi karibu? Akijibu mara moja kwa jina la mahali, mwamini kidogo. Akisema tu "porini", endelea na safari. Mkipatana, shikamana naye mvua nzima. Najua bowa wa mbali una bei, hasa sasa wachoma makala (mkaa) wameshaimaliza misitu ya karibu na wachumaji wanalazimika kwenda mbali kila mwaka. Inaniuma kwamba mtu wa mfuko mdogo ndiye anayebakiwa na kile kilichoota karibu na kiwanda. Lakini kidogo cha mahali pazuri, kilichoongezwa karanga, kinashinda sufuria lililojaa.

Badilisha pia aina: leo chitondo, wiki ijayo tente, siku nyingine chikolowa, na katikati mboga nyingine. Kadimi inajengwa na mazoea, chakula kilekile cha mahali palepale miaka na miaka. Ukiweza kupata uyoga uliopandwa kwenye mabua safi, huo ni mzuri kwa mtoto mdogo.

Usichanganye haya na sumu ya uyoga mbaya wenyewe. Metali ya ndani ya uyoga kwa kawaida haikutapishi usiku huo. Kazi yake ni ya miaka. Mtu akila bowa kisha akaanza kutapika na kuharisha, hasa baada ya saa 6 au zaidi kupita, hiyo ni hatari ya ini, akimbizwe hospitali na mabaki ya uyoga ule yachukuliwe yaonyeshwe. Hata akipata nafuu siku ya pili, asirudishwe nyumbani kwa haraka, maana nafuu hiyo inaweza kuwa ya uongo.

Kwa binti yako, basi: hadi ajifungue na kwa muda atakaonyonyesha, mpe bowa wa mahali unapopajua, mbali na migodi, ulioshwa mara tatu, ukachemshwa na maji kumwagwa, sahani ndogo mara moja kwa wiki isizidi, pamoja na bukari (ugali) na karanga kama anavyopenda. Watoto wadogo wa nyumbani wapate vijiko vichache tu, na wanawe mikono kabla ya kula. Usimnunulie dawa yoyote ya "kusafisha damu" inayouzwa sokoni. Kama mnaishi karibu na kiwanda au mume wake anarudi na nguo za mgodini, muulize daktari wa kliniki kuhusu kipimo cha risasi katika damu. Shirika la Afya Duniani linasema kikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Nguo hizo zifuliwe peke yake, nje, zisichanganywe na za mtoto atakayezaliwa.

Na ule bowa mkavu ulio nao ndani sasa, Mama, fungua mfuko na ujiulize. Unaokumbuka ulikotoka, na ni mbali na mgodi, weka. Ule usiojua ulikotoka usiutie kwenye sufuria la binti yako, na usimpe mwingine mwenye mimba.